Kitanda Kiwe Kulia

3 Machi

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima na chuo hakijakukondesha zaidi. Sisi tunapumua. Baba yuko safarini na lori lake hadi mwisho wa mwezi ujao. Mama alirudi kutoka hospitali Jumanne. Kiharusi kimemwachia ulimi wake, mkali kama zamani, lakini mkono na mguu wa kushoto havina habari naye.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu hukaa kitandani kwa Mama, na sitaki asikie haya. Asubuhi kabla ya shule mimi ndiye ninayemtoa kitandani na kumweka kwenye kiti cha magurudumu. Ananikumbatia shingoni, nami namvuta kwa nguvu zangu zote. Jana kiti kilirudi nyuma tukabaki tunayumba katikati, sijui nimeshika nini. Akaniambia, "Kijiti, ukinivunja nani atakuchana nywele?" Alicheka. Mimi sikucheka.

Wewe unasomea tiba ya viungo. Nifundishe. Naogopa kumwangusha.

Mdogo wako

11 Machi

Kijiti wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila usingizi nimeusahau jina. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni mwa wodi.

Mama asikushike shingo tena. Shingo si mpini. Weka kiti upande wake wa kulia, ule wenye nguvu, kikaribiane kabisa na kitanda. Funga breki zote mbili, kisha kisukume uone kama kimetulia. Mlete ukingoni, nyayo zikanyage sakafu na zirudi nyuma kidogo ya magoti. Mfunge kiunoni ule mkanda mpana wa Baba, ushike huo. Goti lako lizuie goti lake la kushoto lisikunjike. Kunja magoti, mgongo unyooke. Mwambie ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu. Makalio yatainuka yenyewe. Hesabu hadi tatu. Usimbebe, msindikize.

Tarehe mbili mwezi ujao nina mtihani wa jambo hilihili. Mkufunzi wetu tunamwita Bi Breki. Gurudumu moja lisipofungwa, umefeli.

Dada yako

22 Machi

Kwako Dada,

Shikamoo. Natamani ningekuuliza hali kwanza, lakini moyo hauniruhusu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kumtoa Mama kitandani kukawa rahisi, hata Shangazi, anayeshinda naye nikiwa shuleni, akasema kiti hiki kinalishinda lori la kaka yake, kimekosa honi tu. Jioni tulimrudisha wawili, tukimbeba mmoja kila upande. Jumanne Shangazi aliondoka mapema, nikamrudisha peke yangu.

Nilifuata barua yako neno kwa neno: breki, mkanda, goti, pua. Kiti kilikuwa palepale pa asubuhi. Nikahesabu, akasimama. Kisha akageukia kitanda, na kitanda sasa kilikuwa kushoto kwake. Mguu ule haukugeuka. Ulikunjika kama kitambaa. Niliung'ang'ania mkanda tukashuka pamoja, lakini kichwa chake kiligonga ukingo wa kitanda. Seremala wa jirani ndiye aliyekuja kutuinua.

Muuguzi aliyekuja kumpima amesema hakuvunjika. Ana uvimbe juu ya sikio. Lakini tangu siku ile hataki kutoka kitandani. "Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka," anasema. "Niacheni hapahapa." Hatanii tena. Leo Shangazi ameona wekundu chini ya mgongo wake, pale mfupa ulipo. Muuguzi ameonya kwamba asipoinuka, ngozi itafunguka.

Dada, nilikosea wapi?

Mdogo wako

30 Machi

Kwako Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu. Tunamgeuza ubavu kila baada ya saa mbili, lakini wekundu haupungui. Nikimgusa tu anafumba macho. Kama umenikasirikia, nikasirikie baadaye. Sasa niandikie.

Mdogo wako

8 Aprili

Kijiti wangu,

Marahaba. Sikukukasirikia. Nilijiogopa.

Nilipopata barua yako nilishindwa kushika kalamu. Kwenye mtihani nilimfunga mgonjwa mkanda, nikamwona Mama, mikono ikagoma. Nimefeli. Bi Breki aliniita ofisini na nikamweleza kila nilichokuandikia. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na kurudi?"

Sikukuandikia kurudi. Hukukosea wewe, nilikosea mimi. Kila safari Mama huelekea upande wake wenye nguvu. Akishaketi, kitanda kiko upande mbovu. Kabla ya kumrudisha, kizungushe kiti kitazame upande wa pili, ili kitanda kiwe kulia kwake.

Kisha Bi Breki alinilaza, akanifunga mkono wa kushoto, akawaambia wenzangu waniinue bila kuniambia lini. Nilipiga kelele, mimi niliyesomea. Akasema, "Sasa hesabu wewe." Ikawa safari nyingine kabisa.

Basi Mama ndiye ahesabu. Asipofika tatu, msimwinue. Na usimhamishe peke yako tena. Shangazi asimame nyuma yake. Mwambie Mama kosa lilikuwa langu.

Dada yako

17 Aprili

Kwako Dada,

Shikamoo. Pole kwa mtihani. Ngozi ya Mama haijafunguka.

Nilimsomea Mama barua yako yote. Akasema, "Kumbe walimu nao huanguka." Tulimkalisha ukingoni siku tano mfululizo. Kila siku alihesabu moja, mbili, akaishia hapo. Tuliufungua mkanda tukamlaza. Siku ya tano alilia. Shangazi akamwambia, "Wifi, hata lori hupasha moto injini kwanza."

Leo asubuhi alisema tatu, kwa sauti ndogo mno. Amekaa kwenye kiti karibu na dirisha kwa saa moja, nami naandika kando yake. Amelalamika kwamba mapazia ni machafu.

Sasa amechoka. Kiti nimekizungusha, kitanda kiko kulia, breki nimezisukuma mara mbili. Shangazi yuko nyuma. Imebaki kurudi tu. Mama anakitazama kitanda na kiganja chake kina jasho. Changu pia.

"Mwandikie dada yako naanza," amesema. "Moja."

Naweka kalamu.

Mbili ilichukua muda mrefu sana. Tumefika.

Mdogo wako