Wanataka Miguu Yangu, Mimi Hawanitaki

Temeke, Alhamisi jioni. Mvua imenyesha tangu alfajiri na uani ni tope tupu. Nimerudi nimelowa, na nimeketi kuandika kabla hasira haijapoa.

Leo chuo cha ualimu kiliniita nikajadiliwe. Mtihani wa kuingia nilikwishafaulu, walitangaza wenyewe. Lakini tangu nishinde mbio za maili sita, na gazeti likanibandika jina la Swala wa Temeke, wajumbe wa bodi wameanza kuuliza kama huyu mkimbiaji kusoma anajua kweli.

Walinisimamisha mbele ya meza. Kiti kilikuwepo, hakuna aliyeniambia nikae.

Mmoja alikuwa na gazeti. Akasoma kwamba mama yangu mzazi amesema tangu utotoni mie si mtu wa kutulia. Mwenziwe akadai nimepenyezwa kwa ajili ya miguu. Mwalimu aliyesahihisha mtihani wangu alisema nimefaulu kwa haki, wakamkatiza. Walibishana juu yangu kama watu wanaopatana bei ya ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe kasimama hapo anawasikia.

Mwishowe mkuu wa chuo, Mzungu anayekijua Kiswahili vizuri, akatoa uamuzi. Jumamosi nivae fulana ya chuo nikashindane na vyuo vingine. Habari za darasa zitazungumzwa baadaye.

Nikamwuliza, "Kama sifai kuwa mwanafunzi, fulana ya chuo naivaaje?"

Akasema yeye habishani na vijana. Nikatoka bila kuaga.

Sijutii.

Nyumbani nikamkuta barazani yule mwandishi wa gazeti aliyenibandika jina la Swala, anakunywa kahawa ya mama, kamera mapajani. Alitaka picha nyingine, safari hii nikiwa pekupeku, eti viatu vinaharibu habari. Nikamwambia atoke. Mama akanikemea: mgeni hafukuzwi.

Basi nikamweleza mama maneno yaliyoandikwa gazetini kuwa ni yake. Yeye anasoma msahafu, gazeti hasomi, na muda wote huu alidhani tumesifiwa. Kumbe alichomwambia mtu yule ni kwamba utotoni nilikuwa situlii, nikitumwa dukani nakwenda mbio, ila jioni nikishika kitabu hata chakula nasahau. Mwandishi kachukua kipande cha mwanzo, cha pili kakiacha.

Mama aliinuka. Kisha akakichukua kikombe mkononi mwa mwandishi, kahawa ikiwa bado imo, akaimwaga uani.

"Nenda, baba," alimwambia taratibu. "Mvua imepungua."

Haikuwa imepungua.

Tangu mtu yule aondoke, mama hajasema neno. Hilo siwasamehe, mwandishi na wale wa bodi waliomsoma kwa sauti. Wamemfanya mama aogope kinywa chake mwenyewe kwa kosa la kumsifu mwanawe.

Jumamosi sikimbii. Najua watasema kijana ana kiburi, na gazeti litaandika, na pengine nafasi yangu itakwenda kwa mwingine. Ualimu nautaka kuliko kitu chochote, hapa siwezi kujidanganya. Lakini nikiingia chuoni kwa ajili ya fulana, siku mguu utakapouma ndiyo siku watakayonitoa.

Jumatatu nitarudi kwao. Wanipe mtihani upya wakitaka, bodi nzima inikodolee macho, nitaufanya.

Jumamosi wakimbie wenyewe.