Kofia ya Baba Ng'ambo ya Sirari

Kiseke, Ilemela,
Mwanza.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mdogo wangu mpendwa Ajwang,

Shikamoo yako uliyomtuma Selina anifikishie nimeipokea, na marahaba yangu ikufikie huko Dar es Salaam, ikukute mzima. Miguu inaendeleaje? Je, binti yako Princess amekwisha kupata nafuu ya kifua, au bado analala na dirisha wazi kama nilivyomkataza? Sisi hapa Kiseke hatujambo kwa neema ya Mungu. Mvua za vuli bado, mawe ya mlimani yanatunza joto kama jiko, na mke wangu Selina analalamika kwamba maji ya bomba huchagua kuja siku anazokwenda sokoni. Mbali na hayo tunashukuru.

Umeniuliza kwa simu mara mbili, na mara zote nimekujibu kwamba nitaandika. Unajua mambo mazito sipendi kuyasema kwenye simu, kwa sababu mtu hukatizwa kabla hajaimaliza sentensi. Swali lako ni kama nitampokea ndugu yetu Okomo nyumbani Rorya mwezi wa Desemba, siku tutakayoweka msalaba juu ya kaburi la mama. Unasema amekusihi uniombe, na kwamba anataka kuja na wageni wake kutoka Kisumu, wenye kamera, wazipige picha mila zetu. Unasema pia kwamba mama hakuzaa watoto watatu ili wawili wamzike wa tatu angali hai. Maneno hayo yamenichoma, maana ni ya haki. Kwa hiyo soma barua hii hadi mwisho, ndipo unihukumu.

Najua wewe na jamaa wengine mnadhani tumekosana kwa ule ubishi wetu wa nchi mbili. La. Ubishi ule ulikuwa chumvi ya mazungumzo yetu. Tangu Okomo ahamie Kisumu, akaoa huko na kuchukua uraia wa huko, kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akinipigia simu kunihesabia maendeleo ya Kenya. Shilingi yao ina nguvu, maduka yao yanakesha, vijana wao hawangoji kuajiriwa na serikali. Aliwahi kuniambia kwamba sisi Watanzania tutakufa njaa tukiwa tumepanga foleni vizuri. Nami nilimjibu kwamba karibu nusu ya ziwa hili ni yetu, wao wana kona tu, na ndiyo maana sokoni kwao wanauziwa samaki wa barafu kutoka China. Akasema ndiyo, samaki ni wenu, lakini minofu inapanda ndege kwenda Ulaya na ninyi mnabaki Mwanza kugombania mapanki, vichwa na mifupa iliyobaki. Hapo alinishinda. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa, nilimpigia mimi. Nilimweleza jinsi tulivyokuwa tukikingoja kivuko juani, na sasa gari linavuka kabla abiria hajamaliza kumenya chungwa. Aliuliza mkandarasi alikuwa nani. Nikamuuliza reli yao ilijengwa na nani. Tulicheka wote wawili, Ajwang. Watu wanaochukiana hawacheki hivyo.

Jambo lenyewe ni kofia ya baba. Unaikumbuka, ile ya manyoya ya mbuni yenye meno mawili ya kiboko mbele, ambayo tukiwa watoto hatukuruhusiwa hata kuielekezea kidole. Baba aliponikabidhi mimi mzaliwa wa kwanza, alisema itoke nyumbani kwa ajili ya kifo tu, na irudi kabla ya mavuno. Mwaka juzi alipofariki baba mdogo wetu wa Homa Bay, Okomo alinipigia akiomba kofia kwa ajili ya tero buru, ile siku ya wanaume kukifukuza kifo kwa ng'ombe na mikuki. Alisema wazee wa huko hawana tena kofia ya kweli. Wanavaa za maonyesho, zilizosukwa kwa manyoya ya kuku. Ombi la namna hiyo halikataliwi. Mimi nilikuwa na malaria, na wewe unajua kwetu kofia hiyo haibebwi na mkwe wala mtu wa kuajiriwa. Hubebwa na mtoto wa kiume wa boma, mikononi, isiguse chini. Nikaifunga kwa shuka jeupe na kumpa mwanangu Kevin.

Kevin, kama ujuavyo, alikuwa na stashahada yake ya utalii na muda mrefu wa kujitolea katika ofisi za hapa Mwanza, ambako alipewa chai na maneno mazuri. Baada ya matanga akaniomba abaki Kisumu, kwani Okomo alimpatia kazi hotelini. Nilikubali. Ningekuwa mzazi wa namna gani nimrudishe kijana kwenye chai na maneno mazuri? Kuhusu kofia, Okomo aliniambia kwamba wazee wa Homa Bay wameomba ikae kwao kidogo, kwa sababu kuna msiba mwingine. Kisha ukawa msiba mwingine tena. Nilianza kuona kwamba ukoo wetu wa upande ule unakufa kwa kasi isiyo ya kawaida.

Mwezi wa Julai jirani yangu Masalu, yule Msukuma fundi seremala ambaye hunitania mimi Mjaluo asubuhi na jioni, alikuja na simu yake mkononi. Alisema: "Mwalimu, njoo uone. Kofia ya baba yako imehamia Kenya na haikuaga." Nilidhani ni utani wake. Kwenye picha ile ya simu niliiona kofia ikiwa ndani ya kabati la kioo, imewashiwa taa, na Okomo amesimama pembeni akiwa na suti, akipeana mikono na watu, na chini paliandikwa jina la kituo cha utamaduni cha Kisumu.

Sikumwambia mtu niliyoyaona. Nilimwambia Selina nakwenda kumtazama Okomo, nikapanda basi hadi Sirari, nikavuka mpaka kwa hati ya muda kama mgeni yeyote, na nikafika Kisumu.

Nitakuwa mkweli kuhusu mji ule, ili usiseme hasira imenitia upofu. Ni mji unaochapa kazi. Barabara za katikati zina njia nzuri za waenda kwa miguu, na kijana mmoja wa huko hufanya kazi tatu kwa siku moja. Katika mkahawa nilipokunywa chai, watu waliilaumu serikali kwa sauti kubwa, na mimi kwa mazoea nikatazama mlangoni kuona nani anaingia. Jambo hilo lilinifikirisha. Lakini chai yenyewe ilikuwa ghali, na mhudumu aliniambia kwamba kodi ya chumba humla mshahara kabla haujapoa. Alinisifu Kiswahili changu, akasema ninaongea kama redio. Akaniuliza kama ni kweli kwetu mtu anaweza kulima eka mbili bila kuua ndugu yake kwa ajili ya mpaka. Nilimwambia ni kweli, kwa sasa. Basi niliona kwamba kila nchi ina kitu ambacho nyingine inakililia, na kama Okomo angekuwa mbele yangu saa ile ningemkumbatia na kumwambia tumalize ubishi.

Kituo chenyewe ni nyumba nzuri karibu na ziwa. Okomo na wenzake wamekifungua kwa ajili ya watalii na shule. Nililipa kiingilio cha wasio raia, kilichozidi cha wenyeji, ili nimtazame baba yangu. Kulikuwa na wanafunzi wa msingi wenye sweta za kijani, nami nikajipanga nyuma yao.

Kiongozi wa wageni aliwaambia watoto wale kwamba kofia ni ya shujaa Agutu, aliyezaliwa Homa Bay, akaishi Homa Bay na kuzikwa Homa Bay. Alisema shujaa huyo hakuwahi kuuvuka mpaka wa nchi yake. Baba yetu, Ajwang! Mtu aliyekatwa kitovu Rorya, akalima pamba Rorya, na ambaye mimi na wewe tulimfukia kwa udongo wa Rorya. Niliinua mkono kama mwanafunzi. Mwalimu wao aliniangalia kwa mshangao, na watoto wakaanza kucheka. Kiongozi alinigeukia, akatabasamu tabasamu la kazini, akasema kwa lafudhi ya huko: "Karibu sana, mzee wetu. Wewe umetoka upande gani?"

Ajwang, alikuwa Kevin.

Hakuna hoteli. Haikuwahi kuwapo. Mwanangu alinitazama usoni, kwa macho haya aliyoyarithi kwangu, akaniuliza nimetoka upande gani. Nilijibu kwamba nimetoka Tanzania. Akawageukia wanafunzi, akawaeleza kwamba hata kwa majirani zetu Tanzania wamo Wajaluo wachache, waliotoka huku zamani. Kisha akaendelea na ngoma na vyungu. Alipokuwa akiwaaga, mtoto mmoja alimuuliza jina lake. Alijibu kwamba ni Kevin Okomo, mjukuu wa shujaa.

Alinifuata nje baada ya wanafunzi kuondoka. Aliniamkia, nikaitikia, kwa kuwa salamu haina kosa. Hakulia wala hakupiga magoti. Alinieleza kama mtu anayesoma taarifa. Alisema kofia ya kigeni ingehitaji vibali vya serikali mbili na ingeishia ghalani, lakini ya mwenyeji inawekwa kiooni. Alisema mgeni asiye raia haajiriwi kazi ambayo mwenyeji anaiweza, kwa hiyo baba yake mdogo amemwandikisha kuwa mwanawe wa kumzaa, na sasa ana kitambulisho cha huko. Nilimkumbusha kwamba nchi yetu haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Akasema anajua, ndiyo maana amechagua. Nilimuuliza kofia ilifika Homa Bay kwa ajili ya tero buru au la. Akasema wazee wale walivaa zile za manyoya ya kuku. Kofia ya baba ilitoka mikononi mwake moja kwa moja hadi kwenye kabati. Nilipotaka kuondoka alinisihi nisimwite kwa jina langu, Ooko, pale langoni, kwa sababu askari wanasikia.

Okomo sikwenda kumwona. Mtu akikuibia kitu unaweza kumdai. Lakini mwanangu alinikabidhi maelezo, na maelezo hayadaiwi.

Hili ndilo nililokuficha, na ninamficha Selina mpaka leo. Niliporudi aliniuliza kama mtoto anakula vizuri. Nikamwambia amenenepa. Ni kweli amenenepa.

Sasa nijibu swali lako. Kwetu, siku ya kuweka msalaba, mzaliwa wa kwanza husimama langoni na kuutaja ukoo kwa sauti, na mwanawe wa kwanza huurudia neno kwa neno ili watu wote wasikie. Bila kurudiwa, msalaba hausimamishwi. Nimefikiri wiki nyingi. Sitaidai kofia, maana sitaki irudi ikiwa imefundishwa uongo. Sitawashtaki kwa mtu yeyote. Nchi aliyoichagua Kevin si adui yangu. Ina mema yake, nami nimekuandikia. Ninachotaka ni kimoja: asimame langoni aseme kwamba yeye ni Kevin wa Ooko wa Agutu, na kwamba Agutu alizaliwa na kuzikwa Rorya. Akisema hivyo, ni mwanangu, aishi atakako.

Jana nilimpigia simu, mimi nisiyependa simu, nikamwomba hivyo kwa upole. Nilisikia magari ya Kisumu yakipita. Halafu akaniuliza kama siku hiyo kamera za baba mdogo zitakuwepo.

Basi mwambie Okomo aje. Mwambie lango litakuwa wazi, na kwamba kamera zake zote azilete, zisimamishwe mbele, mahali ambapo kila neno litasikika. Kevin nimekwisha kumjibu hivyohivyo.

Msalimie Princess, mwambie mjomba wake anamkumbuka katika sala. Wasalimie waumini wenzako wa Jumatano. Selina anakusalimu sana na anauliza kama vile vitenge vilikufikia. Masalu naye anakuamkia, ingawa anadai wewe ndiwe unayepaswa kumwamkia. Mungu akuhifadhi, atukutanishe Desemba tukiwa hai.

Ni mimi kaka yako,

Jonathan Ooko Agutu,
mwalimu mstaafu.