Anayemwamkia Dada Kila Ijumaa

Alhamisi, jioni. Tangu asubuhi wingu limekaa juu ya Visiga kama kifuniko cha sufuria, halinyeshi wala haliondoki. Mbuzi wangu wamegoma kutoka bandani. Na mimi, niliyewahi kumtoa chatu njiani kule Ruvu kwa kumkemea tu, leo nimeruka kwa sababu kuku kapita mlangoni.

Naandika ili kichwa kipoe.

Mnaonisoma humu kwenye ukurasa wangu mnamjua dada yangu Mwanaidi wa Msimbu, kule Kisarawe. Mtoto wa jicho alimfunga macho yote mawili, akawa anawatambua watu kwa sauti na kwa mkono. Nimeandika hapa, tena kwa mbwembwe, kwamba kila Ijumaa napanda pikipiki yangu mpaka kwake, namshika mkono, nampeleka kisimani, namrudisha barazani. Mlinipongeza. Kuna mama mmoja aliandika kwamba anaomba Mungu ampe kaka kama mimi.

Sasa nisikilizeni. Nilikuwa siendi.

Nilikwenda sikukuu ya Idi, nilikwenda palipokuwa na msiba, basi. Hayo mengine ni mdomo wangu, mnaujua.

Lakini kuna jambo sikuliandika. Dada akinipigia simu alikuwa ananishukuru. "Ahsante kwa Ijumaa, Shomari. Ila mkono wako siku hizi una baridi, jipake mafuta." Na mimi najibu bila haya, "Aa, dada, hiyo si kazi kwangu." Nilidhani kuna jirani mwema anamsaidia, na dada kachanganya sauti. Sifa ikibisha hodi, mimi si mtu wa kuifukuza.

Wiki iliyopita, siku za mwanzo, madaktari wa macho waliokuja Kibaha wakamfanyia upasuaji jicho la kulia. La kushoto wakasema wiki hii. Bandeji ilipotoka alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe una mvi, Shomari!" Tukacheka sana.

Akapumzika kwangu siku mbili. Nikataka aione runinga yangu, ile inayojaza ukuta, nikamwekea filamu. Ilikuwa ya kutisha, ya Kikorea. Sikuichagua kwa ubaya. Nje ya kasha lake palikuwa na mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, nikasema hii inamhusu. Fundi cherehani kipofu anapona, anarudi nyumbani kwake, anakuta nyuma ya mlango kuna mtu amesimama kaelekeza uso ukutani. Kumbe yuko pale miaka yote.

Maandishi ya Kiswahili hayakuwepo, nikatafsiri mwenyewe. Niliwahi kubeba mawe na Wachina waliokuwa wanajenga barabara, na Kikorea nikaona hakiwezi kuwa mbali sana na hapo.

Nilikuwa natunga. Ikafika mahali kizee mmoja wa kike anamshika yule fundi mabega, anamwambia maneno marefu, na mimi nikamtilia maneno yangu: "Anasema, asiye mtu huanza kwa kukuamkia. Ukimwitikia, umemtandikia mkeka. Ukipata jicho moja, wewe utamwona. Ukipata la pili, na yeye atajua kwamba unamwona."

Niliona nimepatia. Hata mimi mwenyewe mwili ulisisimka.

Dada hakupiga kelele. Alivuta ukingo wa khanga, akalifunika lile jicho jipya. Asubuhi yake, Alhamisi, akataka kurudi Msimbu.

Jana binti yake, Zuhura, akanipigia kwa hasira. "Mjomba, mama kagoma jicho la pili! Madaktari wanaondoka Ijumaa jioni. Umemlisha nini huko kwako?"

Leo mchana nikaenda. Njia nzima najiambia ni jambo dogo: nitamwambia nilitunga, atanitukana kidogo, kesho anapanda gari kwenda Kibaha.

Nikamkuta barazani anamenya mihogo, peke yake. "Shikamoo, dada."

Hakuitikia.

Nikadhani hajasikia. Nikarudia. Akaacha kisu, akanitazama kwa lile jicho moja. Akasema, "Vua kofia."

Nikavua. Akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake usoni, akazitazama mvi zangu, akazigusa kwa kidole. Kisha mabega yakamshuka. "Marahaba, mdogo wangu."

Nikamweleza yote, kwamba yale maneno ya kizee yalitoka kichwani mwangu. Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

"Uongo wako naujua tangu ulipokuwa unakojoa kitandani. Kikorea utakijulia wapi wewe, darasa la saba lenyewe ulimaliza kwa kusukumwa? Nilijua unatunga."

"Sasa unagoma nini, dada?"

Akashusha sauti. "Ijumaa alikuja. Kofia kama yako, shati lako lile la bluu nililoliona msumarini kwako, sauti yako. Shikamoo dada, akasema. Nikamwona, Shomari. Kavua kofia ajipepee, kichwani hana unywele mweupe hata mmoja. Nikajua si wewe: yuko kama ulivyokuwa ulipoacha kuja huku."

Nikaikunja kofia mkononi.

"Akanishika mkono kama siku zote, tukaenda kisimani. Nilijifanya bado sioni. Nikajikwaa kwa makusudi, ili asijue. Jicho moja naweza kulificha kwenye khanga. Mawili nitayaweka wapi?"

Nilimsihi. Nikamwambia bila upasuaji lile la kushoto litabaki giza, na madaktari hawajulikani watarudi lini. Akamenya muhogo mzima, ndipo akasema atakwenda. Ila nije kumchukua mimi. "Wewe mwenyewe, Shomari. Kesho ni Ijumaa."

Wakati naaga nikamuuliza yule mwenzangu huwa anafika saa ngapi.

"Jua likianza kupanda," akasema. "Yeye hachelewi."

Nimerudi nyumbani nimelitafuta shati la bluu. Liko msumarini, nilipolitundika limefuliwa baada ya Idi. Pindo lake lina udongo mwekundu uliokauka, kama ule wa njia ya kisimani kwa dada, na hapa kwangu ni mchanga mtupu. Leo mimi nilivaa la kijani.

Miaka yote nimetamba kwa kazi ambayo mtu alikuwa anaifanya kweli. Alikuwa ananisaidia, au alikuwa anaichukua nafasi niliyoiacha wazi?

Pikipiki nimeijaza mafuta. Kofia sivai. Kesho nataka kitu kimoja tu, nifike Msimbu kabla yake.