Ukurasa wa Jana

Yeosu, 9 Novemba

Kwa dada yangu mpendwa Mi-ran,

Pokea salamu zangu kutoka huku pwani, wewe na Sol na mama mkwe wako. Natumaini baridi ya Namwon haijawatesa, na kwamba goti lako limepoa tangu ulipoteleza kwenye ngazi za soko. Mimi mwili wangu ni mzima. Hayo mengine utayasoma.

Mama anakusalimu. Wiki iliyopita alitengeneza kimchi ya majira ya baridi, kabichi arobaini, akanisugulisha chumvi mpaka vidole vikachubuka. Tukiwa kazini aliniuliza kama umeshaitoa picha ya shemeji kabatini. Nikasema sijui. Akatikisa kichwa: "Yule mtoto ana hasira na maiti. Hasira ya namna hiyo haina pa kwenda." Halafu akarudi kwenye chumvi yake.

Dada, ni kwa sababu ya picha hiyo ninakuandikia kwa mkono. Kwenye simu ningesikia unavyohema nikanyamaza, kama nilivyonyamaza miezi kumi na moja.

Kazi yangu pale kiwandani unaijua. Kompyuta zote, kuanzia ya mhasibu hadi ya kibanda cha maji machafu, zilikuwa mikononi mwangu. Kiwanda cha mchuzi wa dagaa hutoa maji yanayooza, nayo yakishaoza hewa ya tangini huwa sumu. Ndiyo maana kila tangi lina kipimo kinachotuma namba kwenye ukurasa wa mtandao, na anayetaka kuingia husoma kwanza ukurasa huo pale kibandani. Oksijeni ikishuka chini ya kumi na nane kwa mia, hakuna kuingia. Kulikuwa na kipimo cha mkononi pia, lakini kilipelekwa kutengenezwa tangu kiangazi na hakikurudi.

Sasa kivinjari, ile programu inayofungua kurasa, kina tabia ya kujiwekea nakala. Ukurasa ulioufungua leo hukiachia nakala ndani, kwenye kinachoitwa kashe, ili kesho ufunguke upesi. Kwa kawaida haina madhara. Lakini mara nyingine hung'ang'ania nakala ya zamani, nawe ukakaa unasoma mambo ya jana ukidhani ni ya leo. Dawa yake ni kufuta kashe na vidakuzi, vile vijifaili vinavyokumbuka akaunti uliyoingia. Ni kazi ya dakika moja.

Shemeji, mtu wa matangi, ndiye aliyegundua. Jumanne ile alinijia ofisini na buti zake zinanuka, akanitangazia mbele ya watu: "Shemeji, mashine yako imelewa! Tangi limejaa, limemwagwa, limejaa tena, yenyewe inaimba namba ileile." Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikamwambia nitaishughulikia. Jumatano akanikumbusha, akasema kuku wa mama wanataga upesi kuliko mimi kunyanyuka kitini.

Nikanyanyuka kweli. Meneja Maeng akanizuia mlangoni. Alisema nikifuta vidakuzi akaunti itafungwa, itabidi kuingia upya, na neno la siri analo fundi wa kampuni iliyotuuzia vipimo, mtu mwenye maneno mengi kwenye simu. Tusubiri wiki ijayo. Ningeweza kubisha. Sikubisha, saa ya chakula ilikuwa imefika na nilikuwa na njaa.

Ya Ijumaa uliyasikia kwa mkaguzi wa kazi: kwamba mumeo Yong-taek aliingia tangi la tatu saa nne na nusu asubuhi kuzibua chujio, kwamba ukurasa ulionyesha oksijeni kumi na moja, waziwazi, kwa rangi nyekundu, na kwamba hakujisumbua kutazama. Alipoyasema hayo ulikuwa umekaa kiti cha mbele. Baadaye msibani ukaninong'oneza, mama mkwe wako asisikie, kwamba mwanamume aliyeshindwa hata kugeuza shingo kwa ajili ya binti yake hastahili machozi. Nilikuwa nimeshika bakuli la supu. Nikaendelea kunywa.

Dada, alitazama.

Nilikuwa kibandani asubuhi ile, nimechutama nabadilisha waya wa printa. Aliingia, akavua glovu, akainama mbele ya skrini, akasoma kwa sauti: "Ishirini nukta tisa." Akaniuliza, "Hii ni ya leo, shemeji? Ulishaisafisha?"

Nikamjibu, "Ya leo."

Sikuinua kichwa. Sikuwa nimeisafisha. Tarehe ilikuwepo pembeni, kwa maandishi madogo, tarehe ya Jumatatu. Niliona aibu kumwambia "bado" kwa mara ya tatu, basi nikasema ya leo. Akanigonga begani, akaenda.

Aliyemkuta ni mpishi, aliyekuja kumwaga maji ya dagaa. Walipokuwa bado wanamkandamiza kifua pale nje, Meneja Maeng aliingia kibandani, akaitazama skrini kwa muda mrefu. Akaniambia, uso ameuelekeza ukutani, "Si ulisema inahitaji kufutwa? Basi futa." Akatoka. Nikaketi. Nikaweka alama kwenye kashe, kwenye vidakuzi, kwenye historia, nikachagua kufuta tangu mwanzo, nikabonyeza. Neno la siri Meneja alilipata kwa simu moja, hata dakika tano hazikufika. Ukurasa ukafunguka upya ukiwa na namba za kweli, kumi na moja, nyekundu, na ndizo alizozikuta mkaguzi.

Hakuna aliyenishikia kisu. Meneja alisema neno moja tu, na kidole kilikuwa changu.

Leo asubuhi nilikwenda ofisi ya ukaguzi wa kazi nikaandika haya yote, nikatia sahihi kila ukurasa. Afisa, mwanamke wa umri wako, aliniuliza kama nina ushahidi. Nikamwambia ushahidi ndio huo nilioufuta. Akaandika hivyo hivyo. Meneja Maeng atakana. Mimi huenda nikafungwa, au wakaniona nimechanganyikiwa kwa msiba. Mama nitamweleza jioni hii, barua ikiwa bado njiani.

Sikuandikii unisamehe. Ukiona huwezi, usijilazimishe, na watu wa ukoo wasikulazimishe. Nimekuandikia ili ile hasira uitoe kwa mumeo uilete kwangu, mwenye nayo. Kumbukumbu ya mwaka mwezi ujao sitakuja, ila wewe mwenyewe ukiniita.

Msalimie mama mkwe wako, kama salamu zangu bado zina mlango kwake. Umbusu Sol kwenye paji la uso. Siku akikua akauliza, mwambie baba yake alisoma namba, akauliza kama ni ya leo, akajibiwa. Na usimfiche aliyemjibu.

Ni mimi mdogo wako,
Chang-geun