Mahamri Yaliyolala

Ijumaa, 22 Agosti 2025
Chuo kimemkubali Twaiba! Kozi ya biashara, Mombasa. Mimi nimeruka kama mtoto siku ya Idi. Yeye anakoroga mbaazi zake. Ati atafundishwa nini, na mahamri yake yanagombaniwa kila asubuhi? Na kibanda aachiwe nani? Nikajitolea. Binti yangu akacheka mpaka akakaa chini.
Ujana wangu wote nimebeba sinia kwenye hoteli za Diani — kumbe kubeba na kukanda si kazi moja.
Tumepatana: kesho napika peke yangu. Nikiweza, anakwenda. Nikishindwa, hatoki Msambweni.

Jumamosi, 23 Agosti
Aibu! Nimemwaga tui linalofuka moshi juu ya hamira. Hamira ikafa — inna lillahi. Mahamri yamelala kama kandambili. Mwanzia, muuza mihogo wa Kikoneni, aligonga moja mezani. Ko! ko! Mzee Salimu, nyundo iko wapi, tufungue kinywa? Mishi jirani akanunua matano, kwa huruma tu. Nimeona akiwapa kuku.
Sikuweza kumtazama Twaiba. Chuo cha mtoto nimekikaanga mwenyewe.

Jumapili, 24 Agosti
Twaiba kaniletea chai. Shikamoo baba. Nani alikwambia tui lipozwe kwanza, mpaka kidole kivumilie? Hakuna, mwanangu. Akajibu mwenyewe: Kweli, mimi sikukwambia. Mama alinionyesha tu, mkono ukazoea.
Kisha akaweka kikombe chini. Basi nikishikwa na homa, kibanda kimekwisha? Biashara gani hiyo, inakaa kwenye kidole changu! Hilo ndilo nikalisomee.
Anakwenda! Alhamdulillahi! Upishi wangu umefaa kwa jambo. Ila kuna sharti: wiki hii yote nikande mbele yake, na Mishi anisaidie yeye akishaondoka. Kuku watakonda.

Jumatatu, 1 Septemba
Alfajiri. Twaiba amevaa, begi liko mlangoni. Mishi anakuna nazi ya mbaazi. Tui nimelipoza, kidole kimetulia ndani. Unga uko kwenye beseni, nimeufunika kwa kanga ya marehemu mamake.
Nenda mama, gari litakuacha. Ngoja kidogo, baba. Amesema hivyo mara ngapi! Anapita karibu na beseni, hathubutu kufunua. Mwanzia naye keshafika, shikamoo mzee — na kweli kabeba nyundo, mshenzi yule.
Naandika huku nachungulia. Kanga imeinuka katikati. Unga umeumuka, au upepo? Mishi, hebu funga dirisha —