Nguo ya Nne Tuliyokwenda Nayo Kyoto

Mama Neema,

Naanza na habari njema, maana wewe mwenyewe ulisema mimi nyingine siwezi kuanza nayo. Burnsville yote hii, mji wetu huu wa ugenini, kutoka barabara kuu mpaka kule kwenye maduka, hakuna mwanaume mwenye bahati kama mumeo. Waulize. Nilipendwa na mke mpaka pumzi ya mwisho. Nina binti wawili ambao hawaniachii hata niende kununua mkate peke yangu. Nyumba imejaa kelele tangu asubuhi. Na juu ya hayo yote nimefika Japani! Mimi, mtoto wa Fizi, niliyekomea darasa la sita kwa sababu vita vilipokuja mwalimu alitutangulia kukimbia. Kazini, kwenye ghala la Eagan, sasa hawaniiti jina langu, wananiita Mjapani. Nawafundisha kuinama. Bosi naye juzi aliinama, mgongo ukamkamata.

Najua unavyocheka hapo. "Baba Neema, mdomo wako unafanya shifti mbili." Ndivyo ulivyozoea kuniambia.

Theluji imeanza tena. Ya mwaka jana ndiyo uliyoondoka nayo, ile iliyofanya udongo ukawa jiwe, hadi wale wachimbaji wakaleta mashine. Koti lako bado liko nyuma ya mlango, sijalisogeza. Kwenye kwaya nafasi yako wamempa Mama Esta, Mungu amsaidie, sauti yake ni kama gari lisilotaka kuwaka kwenye baridi. Mimi sasa napika sombe, yale majani ya muhogo. Naiunguza, halafu nasema ndivyo wanavyopika Wajapani.

Sasa nikusimulie Kyoto. Ile safari ilikuwa yako.

Wewe ndiye uliyeileta nyumbani kutoka kwa yule bibi Mjapani uliyekuwa ukimwogesha pale nyumba ya wazee. Ulikuwa unarudi kutoka kazini, viatu hujavua, unaanza: bibi amesema kule kwao kuna hekalu mlimani, chini yake kuna njia ya giza, unaingia kama mtu aliyekufa na unatoka kama mtoto aliyezaliwa. Ukafanya ovataimu mpaka miguu ikavimba, ukakata tiketi nne za mwezi wa sita, shule zikifungwa. Ugonjwa ukaja kabla ya mwezi wa sita. Ulikuja haraka, kama mgeni asiyebisha hodi.

Nisikufiche, nilitaka kuzirudisha zile tiketi. Kilichonipeleka ni Riziki. Tangu tukuzike, mtoto huyu hajanijibu Kiswahili tena. Namuita kwa Kiswahili, ananijibu Kiingereza, tena kifupi, kama karani wa ofisi. Unajua kwamba hata zamani Kiswahili chake alikichukua kwako wewe tu. Halafu wiki moja baada ya kuondoa kilio, matanga yamekwisha, akaniambia anataka kuhamia Blaine, kwa Mama Mdogo. Kwa dada yako Furaha! Yule ambaye jina lake na uso wake havijawahi kusalimiana! Nikamwambia, mama, twende kwanza Japani, tukitoka huko utaamua. Moyoni nilisema: nipe siku moja nzuri tu na mtoto huyu, nimchekeshe mara moja, hataondoka. Kuchekesha watu ndiyo kazi pekee niliyosomea nikamaliza.

Kuna jambo la vitenge hulijui. Vitenge vya familia ulikuwa unachagua wewe, vya Krismasi, vya harusi, vya vilio vya watu. Cha kilio chako ilibidi nichague mimi. Nilichukua cha bluu chenye ndege wa njano. Nikampigia fundi, Mama Sifa wa Saint Paul, nikamwambia, shona ya familia yangu, tuko wanne. Ulimi ulikuwa umezoea. Vipimo vyetu vyote anavyo kichwani, na hakuuliza neno. Siku ya kuchukua nakuta shati langu, gauni la Neema, gauni la Riziki, na gauni jingine kubwa lenye mikono ya puto, ile uliyokuwa ukiipenda. Nikalitazama. Mama Sifa akatazama cherehani yake. Akasema, "Baba Neema, ulisema wanne. Mimi ni nani wa kukupunguzia?"

Nikalikunja nikaenda nalo. Siku ya kuondoa kilio tulivaa sisi watatu, la kwako likabaki kwenye mfuko. Na kwenda Japani nikalipakia. Neema aliniona nikilipakia, akaenda zake jikoni. Kwenye ndege kiti chako kilibaki wazi katikati yetu, nikaliweka hapo. Dada mhudumu akauliza kama kuna mtu, nikamwambia mke wangu yuko chooni. Akaacha chakula chako. Neema akanikanyaga mguu. Riziki akageukia dirishani, na nje kulikuwa na mawingu tu.

Basi Kyoto. Mama Neema, ule mji! Ni mji wa zamani, nyumba za mbao nyeusi zimebanana kama waumini siku ya Pasaka, barabara inapanda tu, huku chai huku vikombe huku keki za maharage. Maharage, ndani ya keki! Nilikula nne ili nihakikishe. Joto lake ni la kwetu kabisa, lile la kukushika shingoni. Wasichana wa kitalii wamekodi zile kanzu za kijapani, wanatembea hatua fupi fupi kama kuku aliyefungwa miguu. Na sisi tumevaa vitenge vyetu, bluu na njano, watatu mstari mmoja. Kila mtu aliomba kutupiga picha. Bibi mmoja akauliza kwa ishara kama ni harusi. Nikasema ndiyo. Ningemwambia nini? Nikainama, naye akainama, tukainamiana mpaka Neema akanivuta shati.

Pale hekaluni kuna maji matatu yanayodondoka kutoka juu. Unakinga kwa kata ya mpini mrefu. Moja ni la maisha marefu, moja la masomo, moja la mapenzi. Yule bibi wako Mjapani alikueleza kwamba mtu anachagua moja, na anayekunywa yote ni mroho na hapati kitu. Wewe ukanieleza mimi, na mimi nikasahau. Neema akanywa la masomo. Mimi nikanywa yote matatu, la maisha marefu nikarudia. Watu nyuma wakaguna. Nikawaambia kwa Kiswahili, jamani, mimi nakunywa ya watu wawili. Hawakuelewa. Riziki alielewa. Hakunywa lolote.

Halafu tukaenda kwenye lile giza lako.

Unavua viatu, unavitia mfukoni, unashuka ngazi. Ukutani kuna shanga za mbao zilizotungwa kwenye kamba, kubwa kama ngumi, ndizo unazozishika zikuongoze. Mchungaji akisikia ataninyima kukusanya sadaka mwaka mzima, lakini mimi sikuabudu kitu, nilishika shanga tu. Neema mbele, Riziki katikati, mimi nyuma na mfuko wenye gauni lako. Hatua chache, basi, giza. Si giza la taa kuzimika. Giza ambalo ukifumba macho ama ukifumbua ni kitu kimoja. Bibi alikwambia ni tumbo la mama. Nilikumbuka maneno hayo nikiwa mlemle ndani, mfuko umenigusa kifua, na gauni linanuka kitambaa kipya. Halinuki wewe. Hujawahi kulivaa, litanukaje wewe?

Nikaanza kulia. Sikulia hospitali, unajua. Sikulia makaburini, nilikuwa nawahudumia watu chai na hadithi, kila aliyekuja kulia alitoka anacheka, na nikajisifu kwamba kilio cha mke wangu kilikuwa kizuri. Mle gizani nikalia kama mtoto wa kambi ya wakimbizi. Nilidhani sitoi sauti.

Shanga zikaacha kusogea. Riziki alikuwa amesimama. Akasema, kwa Kiswahili, kile Kiswahili chako, na ile pumzi yako ya kuvuta neno la mwisho, akasema: "Baba, unalia?"

Mama Neema. Ilikuwa imekuja. Ile nafasi niliyovukia bahari kuifuata ilikuwa imesimama mbele yangu hatua moja, inaniuliza.

Nikamwambia, "Mimi? Haya ni yale maji matatu, yametafuta pa kutokea."

Hakucheka. Shanga zikaanza kusogea tena. Mwisho wa ile njia kuna jiwe lenye mwanga kidogo juu yake, unaligusa unaomba. Nilipofika, alikuwa ameshaondoka.

Nje jua lilikuwa kali. Nikaona nimeharibu, na mimi nikiharibu najua dawa moja tu. Nikatoa gauni mfukoni. Nikalivaa juu ya suruali, pale uwanjani, mbele ya zile kanzu za kukodi zote. Nikatembea mwendo wako, ule wa kuingia kanisani umechelewa, bega la kushoto mbele, mkoba kwapani, na nikaimba sehemu yako ya kwaya kwa sauti nyembamba. Nilikuiga vizuri. Nilikuiga vizuri mno. Watu wakapiga makofi, simu zikainuliwa, yule bibi aliyeuliza kama ni harusi alikuwepo, anajifuta machozi ya kucheka. Nikageuka kwa binti zangu ili nipokee sifa zangu.

Neema alikuwa amefunika uso. Riziki alikuwa ananitazama tu, moja kwa moja, kama mtu anayeangalia gari la wengine likiondoka.

Kwenye treni jioni alikaa karibu nami. Nikafurahi. Akanieleza kwa Kiingereza chake cha shule, polepole, kama anasoma risala, na mimi nakuandikia kwa lugha yako. Alisema, "Baba, nakupenda. Lakini nataka kukaa kwa Mama Mdogo. Kule mtu akilia, analia. Kwako kila mtu anacheka, na mimi nimechoka kucheka." Nikamjibu kwamba Blaine hakuna sombe nzuri. Huo ndio mzaha wangu wa mwisho wa safari ile, na haukuwa mzuri. Nikaangalia nje. Mashamba ya mpunga, kama yale ya kwetu bondeni. Ungeyapenda. Ungesema, "Tazama, na hawa nao wanainama."

Gauni nimelitundika nyuma ya mlango, juu ya koti lako. Lina doa la jasho langu kwapani. Sasa linanuka mimi.

Nakuahidi jambo moja, nalo ni dogo. Jumapili hii, ibada ikiisha, nitashika barabara kuu namba thelathini na tano mpaka Blaine, theluji ama si theluji. Dada yako atanifungulia na ule uso wake. Nitakaa kwenye kiti bila kusimulia chochote, na Riziki akija nitamjibu lile swali. Nitasema ndiyo, mama, nilikuwa nalia. Sidhani litamrudisha. Mtoto aliuliza gizani, na jibu la mchana, tena baada ya miezi, si lile alilolitaka. Naweza hata kufika hapo nikafungua mdomo kikatoka kichekesho, unanijua. Lakini nitakwenda.

Pumzika, mke wangu. Miguu yako haina uvimbe tena, nashukuru kwa hilo. Kama nilikukosea kwa kuiga mwendo wako mbele za watu, nisamehe. Ndiyo njia pekee niliyoijua ya kukuona ukitembea.

Na ile bahati niliyoanza nayo juu hapo ni uongo. Neema yuko bwenini chuoni, anapiga simu akikumbuka. Riziki alihama kabla shule hazijafunguliwa. Kelele ya nyumba hii ni friji. Mkate naenda kununua peke yangu.

Mumeo,
Baba Neema