Kisu Chako Ni cha Birmani, Nkambo

Mpendwa Nkambo, babu yangu,

Umepata msalaba mpya kaburini, wa chuma safari hii, maana mchwa walikula ule wa mbao mpaka jina lako la ubatizo. Kabla haujasimamishwa tuligombana, Jumapili baada ya misa, kama familia nyingine yoyote ya mtaa wetu wa Katuba.

Tonton Bonifasi, mjomba wangu na kitinda mimba wako, alitaka fundi aandike: "Askari wa Abisinia." Mimi nikasema Birmani, kule Asia ulikopelekwa wakati wa Vita ya Pili ya Dunia.

"Birmani njo wapi?" akaniuliza. "Bazee bote ba hapa balienda Abisinia. Papa njo alipotea njia peke yake?"

Watu wakacheka, kicheko kilekile ulichokizoea. Majirani walikuwa na Abisinia yao, yenye mizinga. Wewe ulikuwa na hospitali ya mahema, mvua isiyojua kupumzika, na baba mmoja aliyekupa kisu kirefu kwa sababu ulimfunga mtoto wake bendeji. Vita gani hiyo? Walipokucheka ulisema tu, "Bon, muache," ukaendelea kumega bukari yako, ugali wa kila siku.

Basi nikakishusha kisu ukutani. Shule yangu, Nkambo, ni simu yenye kioo kilichopasuka, lakini inatosha. Mpini mrefu wa mviringo, hauna kinga ya vidole. Ala ya vipande viwili vya mbao, imefungwa kwa pete za henzirani. Bapa limepinda kidogo tu, wakati zile panga za Abisinia nilizoziona pichani zimepinda kama mundu.

"Fundi anaweza kunyoosha," akasema Tonton.

Ndipo nikakumbuka ulivyotuonyesha kwamba wenyewe wa kule hawakifungi kiunoni: wanakitundika begani kwa kamba, kama mkoba. Tonton ndiye aliyekucheka kuliko sisi watoto: "Papa anabeba sakoshi ya mama!" Nikatafuta picha za Birmani, ambako kisu hicho wanakiita dha. Nikapata wanaume wawili wamesimama, kamba imepita kifuani, mpini na ala vilevile kama vyako. Nikampa simu.

Akaitazama. Akavaa miwani, akaitazama tena.

"Iko sakoshi ya Papa," akasema polepole. Safari hii hakuna aliyecheka.

Sasa Birmani ni yake. Juzi nilimsikia akiwaeleza majirani, ameshakuongezea chui milia mmoja. Nimemwacha, miaka yote hiyo ya kukubishia lazima ailipe kwa namna fulani. Na mimi natembea hapa mtaani kifua mbele, kama vile mvua ile ilininyeshea mimi.

Siku ya kuandika msalaba, fundi aliuliza kama aweke "askari" hata hivyo, kwa heshima. Nilifungua mdomo, Tonton akaniwahi.

"Hapana. Andika muuguzi. Papa hakuuaka muntu kule. Alikuwa anaponesha bantu."

Pumzika, Nkambo. Hakuna anayekubishia tena.

Mjukuu wako mbishi,
mtoto wa binti yako Yozefina